Kifungu cha Arobaini na Tatu Nilikiondoa Mimi

Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya elimu ya juu, Mheshimiwa Mwenyekiti wa Baraza la Chuo Kikuu, Makamu Mkuu wa Chuo, wajumbe wa Seneti, wahadhiri, wafanyakazi, wanafunzi, ndugu wageni waalikwa. Na wewe fundi uliyeketi safu ya mwisho karibu na mlango, kofia ya kazi magotini, ambaye hakuna hata mmoja kati ya wasemaji wanne walionitangulia aliyekutaja: nawasalimu nyote.

Naomba nizungumze nikiwa nimekaa. Mwanangu aliyesimama nyuma ya kiti changu ni muuguzi, na amenipa dakika kumi. Nimemwambia kwamba dakika kumi za hospitali kila mtu aliyewahi kukaa kwenye benchi lao anazijua. Amecheka, kwa hiyo nahesabu kwamba amekubali.

Mmenialika kwa mambo mawili: kufungua ukumbi huu, na kuvuta ile kamba pale ukutani ili pazia la bluu lifunguke na kibao chenye jina langu kionekane. Makamu Mkuu ameniita baba wa sheria iliyokigeuza chuo cha serikali kuwa chuo kikuu cha umma. Mheshimiwa Waziri amesema kwamba nilipoandika muswada ule kalamu yangu haikutetereka. Wakati sifa hizo zinasomwa nilikuwa nimeinamisha kichwa, na najua mlidhani ni unyenyekevu. Haukuwa unyenyekevu. Nilikuwa natafuta pa kuanzia.

Nianzie hapa: kamba ile sitaivuta.

Mshereheshaji, tafadhali kaa. Sijachanganyikiwa. Ugonjwa wangu uko kwenye ini, haujafika kichwani, na daktari ameniambia wazi kwamba sitauona muhula ujao. Nimeambiwa ukweli, na mtu aliyeambiwa ukweli anapaswa naye kuusema kabla hajaondoka.

Wengi wenu mnanijua kama profesa. Wachache mnajua kwamba nilifika kwenye eneo hili nikiwa na miaka kumi na tisa, nimevaa viatu vya kaka yangu, kujifunza uashi. Chuo kilikuwa majengo manne na karakana moja ndefu ya mabati, pale ambapo sasa mmeegesha magari. Mwalimu wa uashi alikuwa mtu mfupi, mkimya, na mfukoni mwake hamkukosa timazi, ile risasi nzito yenye uzi ambayo mwashi huining'iniza kando ya ukuta kujua kama umesimama wima. Tulimwita Mwalimu Timazi. Jina lake halisi liliandikwa kwenye daftari la mahudhurio tu, na nadhani hata yeye aliitika la Timazi upesi zaidi.

Mtihani wake wa mwisho haukuwa wa karatasi. Ulijenga ukuta peke yako, hadi usawa wa bega lako. Kisha darasa zima linasimama nyuma yako, Mwalimu anateremsha uzi, na mnangoja risasi iache kuyumba. Ukuta ukiwa wima, anaweka sahihi kwenye daftari la karakana. Ukiwa umeinama, hasemi neno. Anachukua nyundo, anakupa wewe. Unaubomoa mwenyewe, pigo la kwanza hadi la mwisho, mchana kweupe, na ilikuwa marufuku mtu kucheka na marufuku mtu kukusaidia. Ukimaliza, unasafisha matofali, unayapanga, na Mwalimu anauliza swali moja tu: "Mangapi yamepona?"

Wangu ulikuwa umeinama. Upana wa kidole. Nilijaribu kujitetea. "Mwalimu," nikamwambia, "kwa macho hauonekani."

"Karani," akaniambia, maana ndivyo alivyoniita kwa sababu ya mwandiko wangu, "mimi sikukuuliza unaonekanaje."

Nilibomoa. Nikasafisha. Akauliza mangapi yamepona, nikasema mia mbili na nane. Akasema, "Basi anza."

Nilijenga tena, nikafaulu, nikapata cheti. Kwa cheti kile nilipata kazi, kwa kazi ile nikapata nafasi ya kusoma ng'ambo, nikarudi na shahada mbili, nikafanywa msajili wa chuo kilekile. Hapo ndipo ukuta wangu wa pili unapoanzia, na huo haujawahi kuwekewa timazi mpaka leo.

Miaka thelathini na mmoja iliyopita serikali iliamua kwamba chuo hiki kiwe chuo kikuu kwa sheria ya Bunge. Nikateuliwa katibu wa kamati ya kuandaa muswada. Niwaeleze wanafunzi mliopo, kwa sababu jambo hili watu hulizungumza kana kwamba ni kubadilisha kibao cha getini: sheria ya namna hii hufanya mambo mawili kwa pumzi moja. Inakiua chuo cha zamani, na inakizaa kipya. Chochote ambacho sheria haikukitaja kwa jina ili kivushwe kutoka kwa marehemu kwenda kwa mtoto mchanga, kinazikwa na marehemu. Kwa hiyo tulitaja kila kitu. Ardhi, majengo, mikataba, jenereta, vitabu vya maktaba, basi lililokuwa halina injini. Tulitaja hadi ng'ombe sita wa shamba la chuo, na rangi zao.

Na katika kifungu cha arobaini na tatu tuliandika maneno haya, nayakumbuka kama jina la mama yangu: "Cheti chochote kilichotolewa na Chuo kabla ya kuanza kwa Sheria hii kitahesabiwa kuwa kimetolewa na Chuo Kikuu, na mwalimu yeyote wa karakana aliyekuwa kazini ataendelea kufundisha kwa hadhi ileile." Kamati ilikipitisha bila hata mtu mmoja kupinga. Mwalimu Timazi alikuwa mjumbe. Alinyoosha mkono, ule mkono wenye saruji kwenye mistari ya kiganja, akarudi karakana.

Nilipeleka rasimu wizarani mwenyewe. Afisa aliyenipokea alikuwa mtu mpole, mwenye tai nzuri. Akaagiza chai. Akafungua kurasa, akafika pale, akatabasamu.

"Ndugu Msajili," akasema, "vyeti hivi ni vingapi?"

"Elfu nne mia mbili na kumi na sita."

"Vya waashi, na mafundi seremala, na mafundi bomba?"

"Na wapima ardhi."

"Mimi siingilii kazi ya kamati," akasema. "Najiuliza tu. Siku chuo chetu kikuu kinakaa meza moja na vyuo vikuu vingine, tutasema wahitimu wetu wa kwanza elfu nne ni waashi?"

Mezani pake palikuwa na karatasi iliyofunikwa. Nilijua ni orodha ya viongozi wa kwanza wa chuo kikuu. Sikujua kama jina langu lilikuwamo. Yeye hakuigusa, mimi sikuiulizia, tukanywa chai.

Nataka mnielewe vizuri. Hakuniamuru. Hakunitisha. Kwa miaka mingi nilitamani angenitisha, ningekuwa na mtu wa kumlaumu. Alijiuliza tu, na mimi nikamjibu kwa vitendo kabla sijafika nyumbani. Nilirudi ofisini, nikachomoa ukurasa, nikamwita mpiga chapa wangu, mama mtu mzima aliyevaa miwani yenye mnyororo, nikamwambia apange namba upya, cha arobaini na nne kiwe cha arobaini na tatu, na kuendelea.

"Na hiki cha vyeti, Mzee?"

"Kimeondolewa."

"Na nani?"

"Wakubwa."

Alinitazama juu ya miwani. Kisha akabadilisha utepe wa mashine, polepole, kama mtu anayenipa muda. Sikuutumia muda ule.

Lakini mwizi anapokuwa na haraka huacha kiatu. Kifungu kilichokuwa cha hamsini na mbili, ambacho sasa ni cha hamsini na moja, kilikuwa kinasema, "Msajili atathibitisha vyeti vilivyotajwa katika kifungu cha arobaini na tatu." Nilikisahau. Nadhani mpiga chapa hakukisahau. Nadhani alikiacha makusudi, Mungu amrehemu. Namba zilipohama, kifungu cha arobaini na tatu kikawa kile cha shamba. Kwa hiyo hadi leo sheria yenu inamtaka msajili athibitishe vyeti vya ng'ombe sita.

Mnacheka. Wahadhiri wa sheria mlioko safu ya tatu, ninyi mmecheka kwa miaka ishirini. Mnakiweka kwenye mitihani. "Jadili uzembe wa Bunge kwa kurejelea kifungu cha hamsini na moja." Mjukuu wangu alilijibu swali hilo, akapata alama nzuri. Wabunge mmewatukana bure, mabwana. Uzembe ule ni wa mtu mmoja, naye ndiye mnayetaka kumpa ukumbi. Na mimi nawauliza ninyi wasomi: katika miaka yote hiyo hakuna hata mmoja aliyejiuliza, vyeti hivyo vilikuwa vipi, na wenye vyeti wako wapi? Mliona tundu ukutani, mkalifundishia, hamkuchungulia ndani.

Sheria ilipita. Ng'ombe sita walivuka. Watu elfu nne mia mbili na kumi na sita hawakuvuka.

Nilimwambia Mwalimu Timazi kwamba Bunge ndilo lililokikata kifungu. Nilimwambia nikiwa nimesimama mlangoni mwa karakana, maana nilishindwa kuingia. Alikuwa anaosha miko ya saruji ya wanafunzi. Akaniuliza, "Waliweka timazi, Karani, au walitazama kwa macho?"

"Sijui, Mwalimu."

"Haya," akasema, akaendelea kuosha.

Mwezi uliofuata nilikuwa Naibu Makamu Mkuu wa Chuo, na yeye hakuwa na sifa ya kufundisha. Kwa huruma yetu, na neno hilo la huruma limo kwenye muhtasari wa kikao nilichokiongoza mimi, tulimpa kazi ya kutunza stoo ya karakana ileile. Mtu aliyefundisha kwa miaka ishirini na sita akawa anaazimisha vifaa. Walimu wapya walikuja na shahada zao, vijana wazuri, wakachora ukuta ubaoni kwa chaki za rangi. Wanafunzi wakitoka darasani walipita dirishani kwa mtunza stoo na kumnong'oneza, "Mzee, hebu tuonyeshe huu mwiko unashikwaje." Naye aliwaonyesha, kupitia dirishani, mikono ikiwa nje na kiwiliwili ndani. Nilimwona hivyo mara nyingi. Ofisi yangu ilikuwa ghorofani, ilitazamana na dirisha lile. Baadaye niliomba ofisi ya upande wa pili, nikasema jua linanisumbua.

Alifariki akiwa mtunza stoo. Kwenye mazishi yake nilisoma hotuba. Nilisema alikuwa nguzo ya chuo kikuu chetu. Watu walilia. Mke wake hakulia. Alinitazama tu, na baada ya mazishi akanishika mkono akasema, "Shemeji, asante kwa maneno," akalivuta lile neno maneno mpaka likanichoma.

Sasa nimfikie fundi aliye mlangoni.

Mwezi wa pili mwaka huu mwanamke wa miaka hamsini na mitatu alibisha hodi nyumbani kwangu. Nguo zina vumbi la saruji, mkononi ana bahasha. Hakutaka kukaa. "Viti vyako nitavichafua, Mzee," akasema. Akatoa cheti cha uashi, kile cha karatasi nene tulichokuwa tunakitoa zamani, akanyoosha kidole chini kabisa.

"Sahihi hii ni yako?"

"Ni yangu."

"Ulikuwa na akili timamu ulipoiweka?"

"Nilikuwa nayo."

"Basi naomba uende ukawaambie kwamba chuo hiki kilikuwepo."

Akatoa barua. Chuo Kikuu kilitangaza nafasi ya mwalimu wa karakana, kwa sababu mmegundua, baada ya miaka thelathini na mmoja, kwamba wahandisi mnaowahitimisha hawajui kushika mwiko. Akaomba. Akajibiwa, na nitainukuu barua kama ilivyo: "Chuo Kikuu hakina kumbukumbu ya taasisi iliyotoa cheti ulichowasilisha, na hivyo cheti hicho hakitambuliki." Sanduku la posta lililo juu ya barua ni lilelile lililo juu ya cheti. Na barua ile, ndugu zangu, hakutumiwa nyumbani. Aliletewa kwa mkono na mhudumu wa ofisi, kutoka jengo la utawala hadi hapa, hatua hamsini, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa msimamizi wa ujenzi wa ukumbi huu mliokaa ndani yake.

Aliisoma akiwa juu ya jukwaa la ujenzi. Akaikunja. Akaendelea na kazi, kwa sababu zege lilikuwa limeshachanganywa.

Nyuma yenu kuna ukuta wa mita tisa. Geukeni muutazame. Hakuna mnayemwona akiogopa kukaa chini yake. Cheti cha aliyeusimamisha hakitambuliki, lakini migongo yenu inautambua, mmeuegemea tangu asubuhi.

Nilimuuliza alikuwa mwanafunzi wa nani. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa timazi. Uzi ni mpya, risasi ni ileile. Nimeijua kwa mkwaruzo ulioko ubavuni, niliutia mimi nilipoiangusha mwaka wangu wa kwanza. "Alinipa akiwa stoo, kupitia dirishani," akasema. "Aliniambia, siku ukionana na Karani, mwonyeshe hii. Hatahitaji maelezo."

Alijua. Mtu yule alijua miaka yote, akaosha miko, akaazimisha vifaa, akaniamkia kila asubuhi, "Habari za kazi, Karani," na hakuniambia kitu. Alikuwa anangoja risasi iache kuyumba.

Msidhani nimekuja kubeba mizigo yenu pamoja na wangu. Kuondoa ukurasa ni kazi yangu. Lakini Makamu Wakuu watano waliweka sahihi kwenye barua za namna ile. Wizara ilipokea malalamiko ya wapima ardhi, nakala ninazo, ikayajibu kwa sentensi moja. Kuna fundi bomba aliyefunga mabomba ya bweni la wasichana na akakataliwa kuwa msaidizi wa maabara. Kuna seremala aliyetengeneza kiti anachokalia Mheshimiwa Mkuu wa Chuo siku za mahafali, kile chenye simba wawili, naye kaambiwa alete uthibitisho kwamba amesoma. Alikisomea hapa! Mlipata wapi ujasiri wa kukalia kiti cha mtu na kumwuliza amesoma wapi? Mimi nilikuwa mwoga siku moja, nikaendelea kuwa mwoga kwa kunyamaza. Ninyi hamkuwa na cha kuogopa. Mlikuwa mnaona raha tu kuwa chuo kikuu kisicho na waashi.

Mwanangu ananigusa bega. Namalizia.

Mheshimiwa Waziri, umetutangazia asubuhi hii kwamba muswada wa kuirekebisha sheria yetu, ili tupate kitivo cha tiba, utasomwa Bungeni kikao hiki. Kwa hiyo mlango uko wazi, na hautakuwa wazi tena mimi nikiwa hai. Mkononi mwangu ni ukurasa niliouchomoa. Sikuuchoma, sikuuchana, niliuficha ndani ya cheti changu mwenyewe cha uashi, kwenye fremu moja. Ndiyo, nami ninacho. Namba elfu moja mia saba na tisa. Kwa sheria niliyoiandika, mzee huyu mliyemwita profesa ni mtu aliyesoma kwenye chuo ambacho hakina kumbukumbu.

Siombi uniahidi hapa. Ahadi za majukwaani nimezitoa nyingi, najua uzito wake. Naomba mwanangu akuletee karatasi hii mbele ya watu wote, na uisome ukiwa kwenye gari. Sentensi ni moja. Haihitaji kamati.

Makamu Mkuu, kibao kile chenye jina langu kitolewe. Desturi ya karakana ni kwamba mwenye ukuta ndiye anayebomoa, lakini mikono yangu haiwezi tena kuinua nyundo, kwa hiyo nimebomoa kwa mdomo, na naomba mwanafunzi wa Mwalimu Timazi akubali kuziondoa zile skrubu nne. Bisibisi anayo, nimemuuliza.

Na kwa kuwa kila aliyebomoa huulizwa swali, nami nimejiandaa nalo. Tangu mwezi wa pili, mimi na fundi tumekaa na daftari langu la usajili, yeye akipiga simu, mimi nikitia alama. Wengi wamefariki. Wengine hatukuwapata. Lakini elfu moja na tisini na wanane wako hai, wana mikono, wana vyeti, na watatu kati yao wako kazini nje ya ukumbi huu sasa hivi, wanapaka rangi kwenye uzio.

Nawashukuru kwa kukaa kimya nilipokuwa nahangaika kupumua, na nakushukuru fundi kwa kubisha hodi. Mwanangu, mpelekee Mheshimiwa ukurasa wake.

Mheshimiwa, elfu moja na tisini na wanane wamepona. Basi anza.